Simu ya dola 40 kutoka Marekani inakataa laini ya nyumbani: tatizo liko wapi

Mwaka juzi nilimnunulia mama simu hapa Columbus, Ohio, Samsung ndogo ya pripeidi (ile inayouzwa na kampuni ya simu kwa mteja anayelipia bando kabla ya kutumia), dola 39 kwenye duka kubwa, boksi zuri limezungushiwa plastiki yake, na mimi nikaiacha hivo hivo na plastiki ili mama aifungue mwenyewe kule Tanga ajue mwanae kamletea kitu kipya. Binamu yangu akaibeba. Siku ya tatu mama ananipigia kwa simu ya jirani, "mwanangu, hii simu inasema laini mbovu", na laini ni ile ile ya Voda aliyotumia miaka yote. Akaenda kwa fundi, fundi akamwambia laini imechoka abadili, akabadili, bado. Ikabaki simu ya kuangalia picha na WhatsApp akienda kwa dada kwenye wifi. Kosa lilikuwa ile plastiki niliyoiacha, na nitaeleza kwa nini maana naona watu wengi wanarudia jambo hilo hilo kila Desemba wakati wa kufunga mabegi.

Simu haijaharibika. Imefungwa mtandao. Galaxy A15 5G ilipotoka Marekani ile isiyofungwa ilikuwa dola 200 kasoro senti, alafu aina hiyo hiyo kwenye boksi la pripeidi unaikuta kwa chini ya nusu ya hapo. Hiyo tofauti kampuni ya simu ndo imekulipia, kwa matumaini kwamba utanunua bando lao mwezi huu na ujao na unaofuata mpaka pesa yao irudi. Kufuli ni dhamana yao. Na linavyofanya kazi ni rahisi kuelewa: kila laini ina namba yake ya ndani ambayo huioni, inaanza na tarakimu za nchi, Tanzania 640, Kenya 639, Marekani 310 na 311 na za jirani yake, zikifuatiwa na tarakimu za mtandao wenyewe. Simu ikiwaka inasoma hizo tarakimu, ikikuta sio zile ilizoambiwa na kampuni iliyoiuza, inakataa. Haiangalii kama laini ni nzima, wala kama ina salio, wala kama imesajiliwa kwa kidole. Ndo maana kubadili laini kwa mama hakukusaidia chochote, ilikuwa 640 ikakuja 640 nyingine.

Sasa tuchukue dalili moja moja, tafuta ya kwako.

Umeweka laini, simu inaandika "Invalid SIM", "SIM not supported" au inaomba "network unlock PIN"

Hii ndo dalili ya wazi kuliko zote, ni kufuli la mtandao. Kabla hujahangaika thibitisha. Kwenye iPhone ingia Settings, General, About, shuka mpaka palipoandikwa Carrier Lock, ikisema "No SIM restrictions" simu iko huru, ikisema kingine imefungwa. Kwenye Android hakuna sehemu moja inayofanana kwa simu zote, kwaiyo kipimo cha uhakika ni kuweka laini ya mtandao mwingine na kujaribu kupiga simu. Kwa Samsung angalia pia namba ya modeli kwenye boksi au kwenye About phone: zile za kampuni ya pripeidi ya TracFone na ndugu zake kama Straight Talk huwa zinaanza na SM-S na kuishia na DL au VL, mfano SM-S134DL ni ile Galaxy A03s ya TracFone. Ikiishia na U peke yake iliuzwa kwa ajili ya kampuni za simu za Marekani, na U1 ndo ile iliyotoka kiwandani bila kufuli. Hiyo U1 ndo unayoitafuta ukiwa dukani.

Na usidhani ukiwa na laini ya kampuni inayotumia minara ile ile basi itapita. Kufuli la hizi kampuni ndogo linaweza kusoma zaidi ya mtandao, linaangalia mpaka laini ilitolewa na nani, kwaiyo unaweza ukawa na laini ya mwenye minara na bado simu ya kampuni inayokodi minara yake ikaikataa.

Kufomati hakuondoi. Narudia kwa sababu ndo kitu cha kwanza mafundi wengi wanachofanya: kurudisha simu kiwandani kunafuta picha za watu na meseji zao, kufuli linabaki pale pale kwa sababu halikai kwenye mafaili yako, na kwa iPhone linakaa kabisa kwenye seva za Apple.

Siku zimepita lakini haijafunguka

Hapa ndo nilipoanguka mimi, na hapa ndo nataka usome taratibu.

Kule Marekani sheria ya kuruhusu watu kufungua simu zao Rais Obama aliisaini tarehe 1 Agosti 2014, na makampuni makubwa yalikubaliana kupitia chama chao kwamba simu ya pripeidi itafunguliwa si zaidi ya mwaka mmoja tangu iwashwe kwenye huduma, ila kila kampuni ina masharti yake ya muda na malipo. AT&T kwa muda mrefu imetaka miezi 6 ya huduma iliyolipiwa kwa simu za pripeidi, T-Mobile siku 365. TracFone ilinunuliwa na Verizon Novemba 2021 na kwa miaka kadhaa baada ya hapo simu zao zikawa zinajifungua zenyewe baada ya siku 60, ila masharti haya yanabadilishwa, na jirani aliyenunua mwaka jana anaweza akakwambia kitu ambacho hakipo tena. Soma ukurasa wa masharti wa kampuni yenyewe siku hiyo hiyo unayonunua, upige na picha.

Sasa neno lenyewe ni "tangu iwashwe kwenye huduma". Sio tangu ununue, sio tarehe ya risiti. Simu ikikaa kwenye boksi miaka 2 bila kuwekwa laini yake na kulipiwa bando, siku zilizohesabika ni sifuri. Mimi nilikaa nahesabu tangu siku ya risiti, kumbe ile simu haikuwahi kuwashwa hata mara moja kwenye mtandao wake, ilipanda ndege na plastiki yake, na ilipofika Tanga hapakuwa na njia ya kuanza kuhesabu kwa sababu minara ya kampuni ile haiko Tanga wala Dar wala Nairobi. Nilipopiga huduma kwa wateja, kampuni siitaji, nilizungushwa wiki 2 mpaka mtu mmoja akaniambia ukweli kwamba hakuna wanachoweza kufanya mpaka simu irudi na ianze kutumika. Kufuli la hizi simu linafunguliwa kule kule lilikofungwa, kabla ya safari.

Sababu nyingine za siku kupita bila kufunguka: kuna mwezi bando lilikatika na kampuni inataka huduma iliyolipiwa, sio kalenda tu. Au ulihamisha laini kwenye simu nyingine, ile iliyolala kabatini haihesabiwi kwa sababu wanafuata IMEI (namba ya kipekee ya kila simu) ya simu inayotumika. Au siku zimetimia ila simu haijaunganishwa ili ipokee amri ya kufunguka, maana siku hizi nyingi hazitumii namba ya siri, kampuni inatuma ruhusa hewani. T-Mobile na Metro, ambayo ni pripeidi ya T-Mobile, kwenye simu zao nyingi za Android wanaweka apu ya kufungulia, unaingia humo, unaomba ufunguzi wa kudumu, unaizima na kuiwasha. Kwenye zingine inakuja yenyewe ukiwa kwenye mtandao wao, kwaiyo iache imewashwa siku 2 au 3, iweke kwenye wifi, isasishe, uizime na kuiwasha.

Fundi amenipa namba ya kufungulia, inakataa

Kwa simu zinazotumia namba, ile namba inatengenezwa kwa IMEI ya simu yako peke yake, ya rafiki yako mwenye simu kama yako haifai. Bonyeza *#06# uone IMEI, tarakimu 15, linganisha na ile uliyompa aliyekuuzia namba, ukikosea tarakimu moja tu umenunua namba ya simu ya mtu mwingine. Na nafasi za kujaribu zina kikomo. Ukizimaliza simu inagoma kabisa kupokea namba hata ile sahihi, na hapo unahitaji namba nyingine ya kuondoa huko kugoma ndo urudi kwenye ile ya kwanza, gharama juu ya gharama. Kwaiyo usikae unabahatisha, wala usimwachie mtoto wa fundi ajaribu jaribu.

Kama simu yako ni ya kufunguliwa hewani, hakuna namba itakayoingia, na anayekuuzia namba anakuchukulia pesa yako bure.

Kuna fundi mwingine atakwambia anabadili IMEI. Mkatalie. Tanzania kuchezea IMEI ni kosa la jinai chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na simu inaweza kuja kuzimwa wewe ukiwa ndo uliyeishika.

Hakuna ujumbe wa kufuli, ila inasema "Emergency calls only" au mnara hauonekani

Hapa sababu ni nyingi na watu wanazichanganya.

Ya kwanza, IMEI imeingizwa kwenye orodha nyeusi, simu iliibiwa au iliachwa na deni. Hilo ni tofauti na kufuli, simu inaweza ikawa imefunguliwa vizuri kabisa na bado ikawa nyeusi. Ya pili, masafa. Simu rahisi ya Marekani imetengenezwa kwa masafa ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki 2G inatembea kwenye 900 na 1800, kule ilikuwa 850 na 1900. 3G ya Afrika Mashariki iko 2100 na 900. 4G ya Safaricom iko 800 na 1800, wanaita bendi 20 na bendi 3, na simu ya dola 40 ya Marekani mara nyingi imejazwa bendi 2, 4, 12, 13, 66, 71 ambazo hazikusaidii nyumbani. Kabla hujanunua tafuta modeli yenyewe na herufi zake za mwisho uone orodha ya bendi, ukikuta 3 na 20 na 28 zimo una amani, ukikosa zote hata ukifungua kufuli utabaki na 3G, au herufi E ya zamani juu ya kioo, na mama atasema intaneti ya simu mpya ni nzito kuliko ya zamani, na atakuwa anasema kweli.

Ya tatu, simu za zamani za Verizon na Sprint ambazo ziko kwenye maduka ya mtumba. Zile za teknolojia ya CDMA, nyingine hazina hata uwezo wa kushika mtandao wa nyumbani. Sprint ya CDMA ilizimwa 2022 na Verizon wakamaliza 3G yao mwisho wa mwaka huo huo, ndo maana zimejaa na bei yake ni ya kutupa. Usichukue.

Ya nne ni ya serikali. Tanzania mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki usiku wa 16 Juni 2016, na mpaka leo unaweza kutuma IMEI kwa meseji kwenda 15090 ukajibiwa ni simu gani, jina la modeli likija tofauti na unayoishika mkononi, weka chini. Kenya unatuma kwenda 1555. Na kama laini ni mpya hakikisha imesajiliwa kwa kidole na kitambulisho, maana laini isiyosajiliwa inafanana sana na simu mbovu.

Kupiga inapiga, intaneti hakuna

Hii ni nyepesi, usitoe pesa. Simu imekuja na APN (jina la njia ya kuingilia intaneti ya mtandao) ya kampuni ya Marekani. Ingia kwenye setingi za mtandao wa simu, Access Point Names, ongeza mpya: Safaricom andika safaricom, Vodacom ya Tanzania andika internet, hifadhi, ichague, zima na uwashe. Ukikuta menyu ya APN imefifia au imefichwa kabisa, kampuni iliyouza ndo imeizuia kwenye programu yake, wakati mwingine ukiweka laini ya nyumbani kwanza ndo inatokea, na kama simu imeshafunguka ukiifomati inaweza kuja na setingi mpya kufuatana na laini iliyomo.

Ilikuwa inafanya kazi, ghafla imegoma

Ukinunua mtumba wa iPhone, toa kile kitrei cha laini uangalie. Kama chini ya laini kuna kichipu chembamba kama karatasi chenye dhahabu yake, simu haijafunguliwa, imedanganywa, hicho kichipu kinaidanganya kwamba laini yako ni ya kule. Inakaa vizuri mpaka siku iOS ikisasishwa au kichipu kikisogea, alafu inarudi "SIM not supported". Simu ya hivyo inauzwa Kariakoo na Luthuli ya Nairobi kwa bei ya chini kidogo na sioni ubaya ukiinunua ukijua, ubaya ni kuambiwa "iko huru" na kulipia bei ya iliyo huru.

Kama kioo chote kimefungwa na kuna maandishi ya kulipa, hilo sio kufuli la mtandao, ni la deni. Kenya M-KOPA wanauza simu za kulipa kidogo kidogo, na Safaricom pamoja na Google walianza Lipa Mdogo Mdogo 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, usipolipa simu inajifunga. Mtu akikuuzia simu kama hiyo kabla hajamaliza deni, umenunua deni lake. Muombe aonyeshe ujumbe wa kumaliza malipo, na aifomati mbele yako, iwake upya mpaka mwisho.

Na ikiwaka upya ikaomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, hilo nalo ni kufuli la tatu, la mwenye simu. Mpigie aliyekuuzia aingize nenosiri lake. Asipopatikana jiulize ile simu ilitoka wapi.

Kama bado hujanunua

Niseme ninavyoona mimi. Kama ndugu yako yuko Uingereza au Kanada muulize yeye kwanza, kwa sababu Kanada simu mpya zinauzwa bila kufuli tangu 1 Desemba 2017, na Uingereza msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, alipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa tangu 17 Desemba 2021. Marekani bado lazima usome boksi.

Ile ya pripeidi inalipa kwa njia moja tu, uitumie wewe mwenyewe kwanza. Kwa sababu bando utalipia tu, huwezi kuishi Marekani bila bando, basi weka laini yako kwenye hiyo simu, itembee miezi inayotakiwa, ifunguke, ndo uipeleke. Ukinunua ya pembeni na kuilipia bando la dola 25 kwa miezi 6 ili tu ifunguke, ni dola 150 juu ya ile 39, jumla 189, na kwa pesa hiyo ulikuwa unakaribia isiyofungwa ya U1 bila kusubiri siku hata moja. Wageni waliofika juzi hapa Marekani hii inawafaa sana, maana AT&T kwa mfano tangu walipozima 3G Februari 2022 wanapokea simu zilizo kwenye orodha yao tu, na nyingi tunazotoka nazo nyumbani hazimo, kwaiyo mtu analazimika kununua ya huku. Aitumie, alafu iende nyumbani.

Fikiria pia yule anayeipokea. Simu nyingi za pripeidi za Marekani zina tundu moja tu la laini. Mama yangu ana Voda kwa ajili ya M-Pesa na Airtel kwa ajili ya bando, miaka yote kwenye simu moja, na mimi nilimpelekea simu ya laini moja bila hata kumuuliza. M-Pesa ya *150*00# haiendi kwa wifi, inataka laini iwe ndani ya simu na iwe na mnara. Kwa mzazi wa hivyo nakushauri umtumie pesa achague ya laini mbili dukani Tanga au Kariakoo, yenye risiti na waranti ya hapo hapo, ikimsumbua airudishe kwa miguu yake.

Ile ya mama ilirudi na binamu Machi. Nikachana plastiki iliyobaki, nikaiwasha kwa laini yao, nikahamishia namba yangu ya kazi humo, nikailipia bila kuruka mwezi mpaka ikafunguka. Kabla ya kuifunga kwenye begi niliazima laini za watu wawili wa mitandao mingine hapa hapa, nikaziweka moja baada ya nyingine, nikapiga, nikapokea, nikafungua intaneti wifi ikiwa imezimwa. Zote zilipita. Safari hii ilifika Tanga bila boksi, na kikaratasi ndani ya kava nimeandika IMEI, APN na modeli, ili fundi akiishika asianze na kuifomati.